"Mbona umechagua hiki?" Niliyojifunza kwa kuwafundisha watoto lishe

Watoto wa shule wanaijua lishe kuliko tunavyodhani. Mwulize mwanafunzi wa miaka kumi makundi ya vyakula, atakutajia yote bila kusita: vya kutia nguvu, vya kujenga mwili, vya kulinda mwili. Atakuambia matunda yana vitamini, maji ni muhimu, sukari nyingi huozesha meno. Katika darasa langu, maswali ya lishe ni kati ya yanayojibiwa vizuri zaidi kwenye mtihani. Kengele ya mapumziko ikilia, watoto hao hao waliopata alama zote hukimbilia biskuti na soda, na tunda walilofungiwa nyumbani hurudi lilikotoka likiwa zima.

Nafundisha sayansi na afya katika shule ya msingi, na hakuna mada iliyonishughulisha kwa miaka mingi kama hii. Watoto hawa si wabishi, na somo wanalielewa. Ila kati ya kujua na kutia mdomoni kuna mambo mengi, na vitabu vya kiada huyaruka karibu yote. Vinaeleza chakula kwa kina, kisha vinamsahau mlaji.

Ndipo nikageuza swali. Badala ya "Chakula bora ni kipi?" nikaanza kuuliza "Mbona umechagua hiki?"

Kila mwanafunzi hutengeneza kijidaftari cha karatasi zilizokunjwa. Kwa juma zima huandika humo kila alichokula pale alipokuwa na nafasi ya kuchagua, na pembeni huandika sababu. Hakuna alama, hakuna wino mwekundu, na hakuna anayesoma cha mwenzake bila ruhusa. Siku za mwanzo huandika ya kumfurahisha mwalimu: "Nimekula chungwa kwa sababu lina vitamini C." Wakishaona kwamba sisifii wala sikemei, ukweli huanza kutoka.

"Rafiki yangu alikula." "Kilikuwa karibu." "Nilikuwa na njaa sana na hiki hakimenywi." "Foleni ya upande ule ilikuwa fupi." "Nilikiona kwenye televisheni." "Nilikuwa nimekasirika." "Mama alikuwa amechoka." "Hakukuwa na kingine." Na mmoja, kwa herufi ndogo kabisa: "Nilitaka wanione nikinunua."

Juma likiisha, tunaziandika sababu hizo ubaoni bila majina, na watoto wenyewe huzipanga. Kuna zinazotoka mwilini, kama njaa, uchovu na ladha. Kuna zinazotoka kwa watu, zinazotokana na mahali, na zinazoletwa na pesa na matangazo. Afya hujitokeza mara chache sana, na mara nyingi ni katika zile siku za mwanzo walipokuwa bado wananiandikia mimi. Watoto hushangaa wakiuona ubao huo. Wanakuwa wameingia darasani wakiamini kwamba wanakula wanachokipenda, basi. Kisha wanaona jinsi mkono wa mtu unavyovutwa huku na huku kabla hajaamua lolote.

Ubao ule ndio uliokuwa mtalaa wangu tangu hapo, na nitaeleza sehemu zake zile zilizonifundisha zaidi.

Nianze na marafiki, kwa sababu ndio walioongoza orodha. Mwaka 1980 mtafiti wa Marekani, Leann Birch, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya na watoto ambao hawajaanza shule ya msingi. Alimkalisha mtoto anayependa mboga ya aina moja pamoja na wenzake wanaopendelea nyingine, wakati wa chakula. Baada ya siku chache tu, watoto wengi walikuwa wamegeuka na kuchagua ile ya wenzao, na waliendelea kuipenda hata walipopimwa baadaye wakiwa peke yao. Hapakuwa na mtu mzima aliyewashawishi. Waliona, wakafuata.

Hilo nimelishuhudia kwa macho yangu zaidi ya mara moja. Darasani kulikuwa na msichana mmoja mchangamfu aliyependa karoti mbichi, akizitafuna kwa kelele huku akipiga soga. Meza yake ilipobadilishwa, haukupita muda karoti zikaanza kuonekana kwenye meza mpya, huku mimi sijasema neno. Sasa ninapopanga meza za chakula naangalia nani anakula nini kwa furaha, na namweka karibu na wale wanaosita. Simwambii kwamba ana kazi. Akishaambiwa ataanza kuhubiri, na mtoto hapendi kuhubiriwa na mtoto mwenzake.

Nguvu hiyo hiyo huweza kuumiza. Yule aliyeandika "nilitaka wanione nikinunua" alikuwa na chakula ndani ya mkoba, tena chakula kizuri kilichopikwa nyumbani. Wenzake walikuwa wamekicheka kwa sababu ya harufu yake na chombo alichobebea. Kuanzia siku hiyo alikificha, akawa anatumia pesa yake yote kununua kitu chenye karatasi inayong'aa. Nilipomwelewa nililala nikimfikiria. Hapo ilikuwa bure kumfundisha mtoto yule makundi ya vyakula, kwa kuwa alikuwa anayajua na mkoba wake ulikuwa nayo yote. Alichokuwa anahitaji ni kulindwa na kicheko.

Tukaweka sheria ya darasa, nayo ni sheria ninayoisimamia kwa ukali kuliko nyingine zote: hatusemi lolote baya juu ya chakula cha mtu mwingine. Huna haja ya kukipenda, lakini hukunji uso wala huzibi pua. Sheria hiyo inawahusu walimu pia. Mwalimu akifungua chombo cha mtoto mbele za watu na kusema "Leo tena mkate mtupu?", mtoto yule hatafika kesho na mboga. Atafika na aibu, au hatafungua chombo kabisa.

Matangazo na vifungashio ndiyo sehemu watoto wanayoipenda zaidi, labda kwa kuwa inawafanya wapelelezi. Mimi huwasimulia kwanza jaribio la mtafiti Thomas Robinson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2007. Watoto 63 wa kati ya miaka mitatu na mitano walipewa vyakula viwili viwili vinavyofanana kabisa. Kimoja kiliwekwa ndani ya karatasi tupu, cha pili ndani ya karatasi yenye nembo ya McDonald's, kampuni ya Marekani ya vyakula vya haraka. Kwa sehemu kubwa, watoto walisema chenye nembo ndicho kitamu zaidi. Hata karoti, ambazo kampuni hiyo haikuwa ikiziuza wakati huo, zilisifiwa utamu zilipotoka kwenye karatasi ya nembo. Na watoto wenye televisheni nyingi zaidi nyumbani ndio waliovutwa zaidi.

Wanafunzi wangu hubisha. "Wale walikuwa watoto wadogo, mwalimu. Sisi hatudanganyiki." Basi tunajaribu. Wanafunzi wa darasa la juu hukata vipande vya tunda moja, nusu wanavifunga kwenye karatasi ya kawaida, nusu kwenye karatasi waliyoichora wenyewe: rangi kali, katuni inayocheka, jina walilolibuni. Kisha wanawapelekea wa madarasa ya chini na kuwauliza kipi ni kitamu. Wanaporudi darasani na majibu huwa kimya kidogo, halafu hasira huanza. Hasira hiyo naithamini sana. Mtoto wa miaka kumi na moja hajali sana ugonjwa utakaompata akiwa na miaka hamsini, lakini hapendi hata kidogo kufanywa mjinga leo.

Kutoka hapo huwaeleza kwamba watu wazima nao wamelitambua jambo hili, na wengine wamelitungia sheria. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilipiga marufuku matangazo ya biashara yanayowalenga watoto walio chini ya miaka 13 tangu mwaka 1980. Chile, kuanzia mwaka 2016, inalazimisha alama nyeusi yenye pembe nane kwenye vyakula vya viwandani vilivyozidi kiwango cha sukari, chumvi, mafuta yaliyoganda au kalori. Bidhaa yenye alama hiyo haiwekewi katuni ya kumvutia mtoto, wala haiuzwi shuleni. Watoto hutaka kujua kila kitu kuhusu ile alama. Huichora, huikata, huibandika kwenye makopo matupu waliyoyaleta kutoka nyumbani baada ya kusoma maandishi ya nyuma.

Kusoma maandishi ya nyuma ni ujuzi ninaotamani kila mtoto aondoke nao. Huwafundisha jambo moja kwanza: viambato hupangwa kwa uzito, kilichotangulia ndicho kingi. Ukikuta sukari ni ya kwanza au ya pili, unajua unachokula kwa kweli ni nini, hata kama mbele kumechorwa shamba na maziwa. Kisha tunawinda sukari iliyojificha chini ya majina mengine, kama sukrosi, glukosi na fruktosi. Halafu tunapima. Kopo la soda la mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari. Kijiko cha chai hubeba kama gramu nne, kwa hiyo tunahesabu vijiko karibu tisa, kimoja kimoja, kwenye glasi tupu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ni vyema zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Watoto hupiga hesabu hiyo wenyewe. Sina haja ya kuongeza hotuba.

Upande wa pili wa mizani ni wa kufurahisha zaidi. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 unataja angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku kwa mtoto wa miaka sita hadi tisa, na gramu 400 kuanzia miaka kumi. Tunazipima kweli, kwa mizani ya darasani. Wengi hutarajia mlima, kisha wanakuta ni kiasi kinachoenea kwenye sahani mbili ndogo. "Hii tu?" huuliza. Namba iliyokuwa inawatisha kitabuni hugeuka kitu wanachoweza kukishika mkononi.

Kuna jambo moja ambalo silifanyi, nalo ni kuvigawa vyakula kuwa vizuri na vibaya. Najua walimu wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na ni rahisi kukumbukwa. Lakini mtoto halisikii neno "kibaya" likiishia kwenye chakula. Husikia kwamba mama anayempa chakula kile ni mbaya, au kwamba yeye mwenyewe aliyekila ni mbaya. Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyeanza kutupa chakula chake cha mchana kimyakimya. Alikuwa msichana mwenye bidii, mwenye kushika kila alichoambiwa, na mahali fulani alikuwa amesikia kwamba mafuta ni sumu na kwamba mwili wake ni mkubwa mno. Nilizungumza na mzazi wake, tukapata msaada wa mtaalamu wa afya, na ilichukua muda mrefu kabla hajakaa tena mezani bila hofu. Tangu hapo nimekuwa mwangalifu mno kwa kila neno. Simpimi mtoto uzito mbele ya wenzake. Siwaambii kuhusu unene na wembamba. Nazungumza juu ya vyakula vya kila siku na vyakula vya mara moja moja, juu ya nguvu za kucheza, usingizi mzuri, meno yasiyouma, akili inayotulia kwenye hesabu za asubuhi. Mambo hayo mtoto anayahisi mwilini mwake, na hayamfanyi auchukie.

Ladha nayo inahitaji kuelezwa kwa upole. Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kuukwepa uchungu, na kuna maana yake: maziwa ya mama ni matamu, ilhali katika mimea mingi uchungu ni dalili ya sumu. Woga wa vyakula vipya huwa mkali zaidi kati ya miaka miwili na sita. Mazoea huanza hata kabla ya kuzaliwa. Mtafiti Julie Mennella na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha waliupokea uji wenye ladha ya karoti kwa urahisi zaidi. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi, hata kumi na tano ndipo akizoee. Wazazi wengi hukata tamaa baada ya mara ya tatu, wakasema "huyu hapendi mboga", na mtoto akilisikia hilo hulibeba kama jina lake.

Huwaambia watoto wazi kwamba ulimi hujifunza, kama vile miguu inavyojifunza baiskeli. Kauli hiyo huwaondolea mzigo. Katika kipindi cha kuonja, kipande ni kidogo mno, kama ukucha. Ruhusa ya kutema ipo, kwa adabu, kwenye karatasi. Hatusemi "nzuri" wala "mbaya". Tunatafuta maneno mengine: chachu, kali, chungu kidogo, inakwaruza, ina maji, inanuka kama majani baada ya mvua. Kisha mboga ile ile hurudi juma linalofuata, safari hii imechemshwa, na juma jingine imeokwa. Nilikuwa na mvulana aliyeanza kwa kuitazama tu nyanya. Baadaye akaigusa, baadaye sana akailamba. Muhula ulipokuwa unaelekea mwisho aliila iliyookwa, akaniambia bila tabasamu, "Hii si ile." Mbichi haipendi mpaka leo, na hilo ni haki yake.

Kuna msemo wa watu wazima ambao ningependa tuuache kabisa: "Maliza mboga ndipo upewe kitu kitamu." Unaonekana kufaa, kwa sababu siku hiyo mboga huisha. Lakini Birch na wenzake walionyesha mwaka 1984 kwamba watoto waliozawadiwa ili wanywe kinywaji kisichokuwa cha kawaida kwao walikuja kukipenda kidogo kuliko mwanzo. Mtoto hupiga hesabu: kama nalipwa ili nikile, basi hakifai. Na kile ninacholipwa nacho ndicho chenye thamani. Kila mara tunapoutumia msemo huo tunatangaza peremende bure.

Ndiyo maana niliwaendea walimu wenzangu kuhusu peremende za zawadi. Tulikuwa nazo kila kona: umejibu vizuri, chukua, umefuta ubao, chukua. Mwenzangu mmoja ninayemheshimu alinipinga. Alisema maisha ya watoto hawa yana magumu ya kutosha, tusiwanyang'anye furaha ndogo. Nakubaliana naye kuhusu furaha. Sherehe zibaki na keki zake, na mtoto aile bila mtu kumhesabia vijiko. Ninachokataa ni utamu kuwa mshahara. Tulikubaliana kujaribu zawadi nyingine: kuchagua hadithi ya mwisho wa siku, kuwa wa kwanza kushika mpira, kukaa kwenye kiti cha mwalimu wakati wa kusoma. Kiti cha mwalimu kiligombaniwa kuliko peremende zilivyowahi kugombaniwa.

Mpaka hapa nimezungumzia darasa. Lakini sababu nyingi za ubao ule zilikuwa nje ya darasa: karibu, foleni, njaa, hakukuwa na kingine. Wahenga walisema macho hayana pazia. Huwezi kumtaka mtoto mwenye njaa apite mbele ya rafu iliyojaa biskuti za rangi, akatafute tunda zima lililowekwa nyuma kwenye kikapu, kisha ajione ameshindwa asipofanya hivyo.

Hapa humkumbuka daktari wa watoto wa Marekani, Clara Davis. Kuanzia miaka ya 1920 aliwaacha watoto wachanga 15 waliokuwa wameachishwa ziwa wajichagulie wenyewe kila walichotaka kula. Walikula kwa mtindo wa ajabu, siku nyingine mayai matupu, siku nyingine matunda tu, lakini walikua vizuri. Watu wengi hulisimulia jaribio hilo kuthibitisha kwamba mwili wa mtoto unajua unachohitaji. Davis mwenyewe alieleza jambo jingine alipolizungumzia mwaka 1939: siri ilikuwa kwenye orodha. Vyakula vyote 34 vilikuwa vya asili, bila sukari iliyoongezwa. Watoto walikuwa huru, na watu wazima walikuwa wamewajibika kwa kile kilichowekwa mezani.

Naamini huo ndio mgawanyo wa haki. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, ameufundisha kwa wazazi kwa miaka mingi: mkubwa huamua nini, lini na wapi; mtoto huamua kiasi gani, na kama atakula kabisa. Shule ni mkubwa. Haiwezi kuuza soda mlangoni kisha ikamwachia mwalimu wa sayansi kazi ya kuizuia kwa chaki.

Kwetu mabadiliko yaliyozaa matunda yalikuwa madogo. Mpishi alikubali kukata matunda vipande na kuyaweka mwanzo wa foleni, mahali mkono unapofika kabla ya kujaza sahani. Alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: mtoto anayeng'oka meno hawezi kuuma tunda zima, na yule mwenye nguo nyeupe anaogopa kujichafua. Tulibadilisha ratiba ili michezo itangulie chakula, kwa sababu watoto walikuwa wakila robo ya sahani na kukimbilia mpira. Sasa hufika wamecheza, wana njaa, hawana haraka. Nchini Japani wanafunzi huvaa aproni na kuwapakulia wenzao, na chakula cha mchana huhesabiwa kuwa sehemu ya masomo. Tangu mwaka 2005 wana sheria mahususi ya elimu ya chakula. Sisi tumechukua kipande kidogo cha wazo hilo, zamu ya kupakua. Mtoto aliyepakua mboga kwa mikono yake huziulizia: "Mbona hujachukua? Zimepikwa vizuri leo."

Wazazi huhitaji heshima kuliko mafunzo. Katika kikao kimoja mama mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, mboga najua ni nzuri. Mimi nafika nyumbani usiku, na hela ni hiyo hiyo." Ukumbi mzima ulimwelewa. Chakula kinachojaza tumbo, kisichooza, kisichohitaji moto wala saa nzima jikoni, kina sababu ya kununuliwa, na mzazi anayekinunua mara nyingi amepiga hesabu kali kuliko zangu. Kikao kile kiligeuka. Wazazi walianza kuambiana wao kwa wao: kuchemsha maharage mengi siku ya mapumziko, kumpa mtoto achague kati ya mboga mbili badala ya kumwuliza kama anataka mboga, kuzima televisheni wakati wa kula hata kama mlo wenyewe ni wa dakika kumi. Niliandika yote na kuyarudisha kwao kwenye karatasi moja, bila kuongeza langu.

Nami huwaonya watoto mapema: usiende nyumbani kumwambia mzazi kwamba mwalimu amekataza. Waeleze ulichogundua. Omba kupima, omba kusoma lebo pamoja, omba kusaidia kupika. Mtoto akifanywa askari wa jikoni, jikoni hufungwa.

Mwaka huu wanafunzi wa darasa la juu walipomaliza vijidaftari vyao waliamua kuandika barua kwa uongozi wa shule. Waliomba mambo matatu, kila moja likiwa na sababu kutoka kwenye ubao wao. Kwanza, bomba la maji ya kunywa liwekwe karibu na uwanja, maana mtoto mwenye kiu hufuata kilicho karibu. Pili, muda wa kula uongezwe. Tatu, jina la kinywaji lililopakwa kwenye milingoti ya magoli lifutwe. Bomba limeshawekwa na muda umeongezwa kidogo. Ombi la tatu limekwama, kwa kuwa kampuni ya kinywaji hicho ndiyo iliyogharimia magoli, na wapo kwenye uongozi wanaoona kulifuta jina hilo ni kukosa shukrani. Nimeeleza msimamo wangu: shukrani ilishatolewa siku magoli yalipokabidhiwa, na macho ya watoto hayakuwa sehemu ya makubaliano. Bodi italijadili mwezi ujao. Wanafunzi wawili wameomba waingie kuisoma barua yao wenyewe, na mwalimu mkuu amekubali. Wanafanya mazoezi kila jioni baada ya masomo, na wamenisihi nisiwabadilishie neno hata moja.